Vihusishi vya Kiingereza: kwa nini vinatushinda, na kazi yake ndani ya maneno makubwa

#1 Mwalimu wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mbeya. Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya jambo linaloniumiza kila nikisahihisha madaftari. Mwanafunzi msamiati anao, nyakati za vitenzi anazimudu, lakini anaandika "Please wait me at the gate", "I want to discuss about my results", "She is married with a soldier". Ukimuuliza anakwambia vihusishi, yaani zile preposition, havina kanuni, ni vya kukariri tu. Bahati mbaya hata baadhi yetu walimu tunawaambia hivyohivyo.

Mimi naona shida inaanzia mahali pengine kabisa. Inaanzia kwenye namna Kiswahili chetu kinavyofanya kazi hiyohiyo. Mwingereza akitaka kuonyesha kitendo kinamwelekea nani, anaweka kineno pembeni ya kitenzi: wait for, listen to, write to, pray for. Sisi kazi hiyo tunaimaliza ndani ya kitenzi chenyewe. Omba, ombea. Kimbia, kimbilia. Leta, letea. Hiyo kauli ya kutendea ndiyo "for" yetu, ndiyo "to" yetu, na wakati mwingine ni "with": kisu cha kukatia nyama, kalamu ya kuandikia. Kisha mtendwa naye tunampachika humohumo: nisubiri, nisikilize, nijibu, nieleze. Neno moja, habari imekwisha.

Kwa hiyo mtoto anapoandika "wait me", "listen me", "reply me", "explain me", akili yake inafanya kazi vizuri sana. Anafuata sarufi aliyolelewa nayo. Kichwani mwake "me" imeshabeba kila kitu kama ni- inavyobeba. Mwalimu akichora mstari mwekundu bila kumweleza hilo, kesho atarudia.

Upande wa pili kuna vitenzi vya Kiingereza visivyotaka kihusishi chochote, nasi tunakiongeza kwa sababu Kiswahili tunasema kujadili kuhusu, kusisitiza juu ya, kuingia ndani ya. Wao wanasema discuss the matter, emphasize the point, enter the room, basi. Na kwa kuwa sisi tunasema kuolewa na, mtu anaitafsiri hiyo "na" kuwa "with", wakati Kiingereza kinataka "married to".

Kwenye mahali ndipo pagumu zaidi. Sisi tuna -ni. Mfukoni, ukutani, mlangoni: Kiingereza kinadai in the pocket, on the wall, at the door. Kiambishi kimoja kwetu, vihusishi vitatu kwao. Lakini tusijidharau, maana upatanisho wetu una siri ambayo madarasani hatuitumii. Tunasema mlangoni pana mtu, na kikapuni mna viazi. Hiyo pa ni mahali mahususi, mtu anapaonyesha kwa kidole, na iko jirani sana na "at". Hiyo mu ni ndani, na iko jirani na "in". Kinachobaki ni "on", kitu kugusana na uso wa kitu kingine, na hicho kweli hatuna kiambishi chake, lazima tujifunze upya. Nikianzia hapo, Kidato cha Kwanza wananielewa haraka kuliko nikiwaandikia orodha ubaoni.

Chukueni Makambako. "The bus stopped at Makambako", hapo Makambako ni kituo tu njiani. "My aunt lives in Makambako", hapo ni mji wenye mitaa na watu, shangazi yumo ndani yake. Mji ni uleule, kilichobadilika ni jinsi msemaji anavyouona. Kihusishi kinabeba mtazamo wa msemaji, ndiyo maana kukitafsiri neno kwa neno hakutufikishi popote.

Karibuni wenye maswali na wenye hoja tofauti.

#2 Mama wa Tukuyu

Ndaga fijo mwalimu. Mwanangu yuko Kidato cha Pili. Kwenye daftari lake kuna orodha ya vihusishi vimepangwa kwa alfabeti, about, above, across, mpaka without, na kila kimoja kimeandikiwa maana yake kwa Kiswahili. Anaikariri kila jioni, na mtihani ukija anakosa. Juzi tumebishana hapa nyumbani: yeye anasema "in the bus", mimi tangu nasoma nilifundishwa "on the bus". Lakini abiria si yumo ndani ya basi? Hafai kuwa "in"?

#3 Mwalimu wa Uyole

Mama, shikamoo. Umefundishwa vizuri. Basi, treni ya TAZARA, ndege ya kutoka Songwe kwenda Dar, meli ya Ziwa Nyasa, vyote ni "on". Gari dogo, teksi, Noah ya familia, hizo ni "in". Njia nzuri ya kumkumbusha kijana: chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea akiwa ndani yake, sema "on". Chombo ambacho lazima uiname uingie ukae, sema "in". Na kile unachokipanda kwa kukikalia juu, baiskeli au bodaboda, kinarudi kwenye "on".

Orodha hiyo ya alfabeti mwambie aifunge. Haimwambii "about" inafuatana na nani. Aanze daftari jipya ambamo kila kihusishi kimeandikwa na mwenzake: afraid of, good at, interested in, depend on, responsible for, similar to, accused of. Asiandike "at" peke yake hata siku moja. Watu wengi husema "good in Mathematics" kwa sababu ya "hodari katika Hisabati", lakini Kiingereza kinasema good at. Akiyaona maneno hayo mawili yameandikwa pamoja kila mara, sikio lenyewe litaanza kukataa "good in".

Saa na siku hazihitaji maneno mengi: at kwa saa, on kwa siku, in kwa mwezi, msimu na mwaka. Ashike tu kwamba ni in the morning, lakini on Monday morning, kwa sababu siku ikitajwa inatawala. Na usiku peke yake ni at night.

#4 Mwongoza Watalii Iringa

Kamwene wakuu. Mimi naongoza wageni Hifadhi ya Ruaha, na kwangu kihusishi si suala la mtihani, ni la kazi. Nilimaliza shule nikiwa najua "look" ni kutazama. Kisha ukasikia mgeni anasema look for, mwingine look after, look into, look up to, look down on, na siku tembo ametokea vichakani ghafla mtu anapiga kelele "Look out!" Huyo hakuombi utazame nje, anakwambia jihadhari!

Na njiani kutoka Iringa, ukipita Idodi, lugha yote ni ya namna hiyo: set off, pull over, slow down, break down, run out of fuel, pick up, drop off. Vitenzi vyenyewe ni vidogo, mtoto wa darasa la nne anavijua. Uzito wote uko kwenye kile kineno cha nyuma.

Swali langu ni hili. Nasikia wageni wanasema "pick them up at the gate", sijawahi kusikia "pick up them". Lakini wanasema "look after them", hawasemi "look them after". Kwa nini hiki kinaruka na kile hakiruki?

#5 Mwalimu wa Uyole

Kaka, hapo umegusa penyewe. Nitajibu kwa urefu, maana vitabu vingi vya shule hupita hapa mbio.

Hiyo "up" ya pick up na hiyo "after" ya look after zinafanana kwa sura tu. Kwenye look after, "after" ni kihusishi halisi. Kimeshikamana na kinachofuata, after them, hakiachani nacho. Kwenye pick up, "up" imeshikamana na kitenzi, imekuwa sehemu ya kitenzi, kinafanya kazi kama kielezi. Kwa kuwa ni mali ya kitenzi, kinaweza kusogea: pick up the guests, pick the guests up, vyote sawa. Ila mtendwa akiwa kiwakilishi kifupi kama them, it, him, lazima akae katikati: pick them up, drop it off, turn it on. Namna ya kupima ni hiyohiyo uliyoitumia wewe kwa sikio. Weka "it" au "them". Ikikubali kukaa katikati, kineno ni cha kitenzi. Ikikataa, ni kihusishi.

Sasa tuingie kwenye uundaji wa maneno, kwa sababu vineno hivi havikai nyuma tu. Vinaungana na kitenzi na kuzaa nomino: gari lika-break down, kuharibika huko ni breakdown, ndege ika-take off, tendo ni takeoff. Wakati mwingine kineno kinahamia mbele: kinachoingia ni income, kinachotokea mwisho ni outcome, kinachowekwa ndani ni input, kinachotolewa ni output, gharama za kutunza ni upkeep, anguko ni downfall. Mtu anayejua come, put, keep na fall, halafu akajua in, out, up na down, maneno hayo yote tayari anayo mkononi.

Lakini kuwe na tahadhari, maana kukihamisha mbele kunaweza kubadili maana kabisa. Take over ni kushika madaraka au kutwaa kampuni. Overtake ni kile madereva wetu wanachokiita kuovateki, na pale mlima Kitonga kila anayesafiri barabara hii anajua uzito wake. Set up ni kuanzisha au kusimika, upset ni kukasirisha au kuvuruga. Lookout ni mlinzi au mahali pa kuchungulia, outlook ni mtazamo wa mambo yajayo. Vipande ni vilevile, mpangilio ndio umegeuza maana.

Out na over zikikaa mbele ya kitenzi zina tabia zinazotabirika. Out- mara nyingi ni kuzidi mwingine: outrun, kumshinda mbio, outlive, kuishi kuliko yeye, outnumber, kuwazidi idadi. Over- mara nyingi ni kupita kiasi: overload, overeat, overcharge. Hizo mpeni mwanafunzi, halafu mwache aunde mwenyewe.

#6 Wakala Tunduma

Mwalimu, mimi nashughulika na nyaraka za mizigo mpakani. Siku nzima naandika import, export, transit, transport. Nimekuwa nikijiuliza, hiyo im- ya import ni "in" imebadilika au ni kitu kingine? Maana mzigo si unaingia ndani?

#7 Mwalimu wa Uyole

Ni yenyewe, ndugu yangu, ila imepitia Kilatini. Maelfu ya maneno ya Kiingereza yanatoka Kilatini, na Kilatini nacho kiliunda maneno kwa kubandika vihusishi mbele ya vitenzi. Portare ni kubeba. In- na portare ni kubeba kuingiza: import. Ex- ni kutoka: export. Trans- ni kuvuka: transport. Sub- ni chini: support, kubeba kutokea chini, kutegemeza. Re- yenyewe si kihusishi, ni kiambishi cha kurudi: report, kuleta habari. Na transit ni trans- pamoja na kitenzi cha Kilatini cha kwenda, yaani kwenda kuvuka, kama lori linalovuka Nakonde kuingia Zambia.

Kwa nini si "inport"? Hapa Mswahili ana bahati. Sisi kivumishi cha nomino za ngeli ya nyumba kinachukua n-: nyumba ndogo, njia ndefu. Lakini hatusemi "njia nbaya" wala "nguo npya". Tunasema mbaya, mpya. N ikikutana na b, au na p ya neno fupi kama -pya, inageuka m, kwa sababu midomo imeshaanza kujifunga. Kilatini kilifanya jambo hilohilo. In- ikawa im- mbele ya p, ikawa il- mbele ya l kwenye illuminate, ikawa ir- mbele ya r kwenye irrigate, kumwagilia. Ad-, ambayo maana yake ni kuelekea, ilijificha zaidi: ipo ndani ya access, apply, assist, attract. Ukiona herufi mbili zinazofanana mwanzoni mwa neno kama hilo, mara nyingi kuna kihusishi cha Kilatini kimemezwa hapo. Hata tahajia inakuwa rahisi: mwanafunzi anayejua hivyo haandiki "asist".

Angalizo moja tu. Kuna in- nyingine ya Kilatini yenye maana ya kukanusha, ile ya impossible, illegal, irregular. Sura ni moja, asili ni mbili. Usiwaambie watoto zote ni "ndani".

#8 Binti wa Mafinga

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Kidato cha Nne. Niliandika kwenye insha "This is the house which my grandmother was born in" nikakatwa maksi, nikaambiwa sentensi ya Kiingereza haiishii na preposition. Ni kweli? Na pia "I am looking forward to see you" ina kosa gani? Nilidhani baada ya "to" ni kitenzi kitupu.

#9 Mwalimu wa Uyole

Marahaba binti. Sentensi yako ya bibi yako ni sahihi kabisa. Katazo hilo lina historia. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi mwenzake Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufariki, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Baadaye Dryden alirudi hata kwenye maandishi yake mwenyewe akayarekebisha. Inadhaniwa alikuwa anakipima Kiingereza kwa kanuni za Kilatini, ambako kihusishi hukaa mbele ya nomino yake. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika katika sarufi yake kwamba kumalizia hivyo ni tabia ambayo Kiingereza kinaipenda sana. Aliona tu kwamba kwa maandishi mazito kukitanguliza kihusishi kunapendeza zaidi. Waliofuata wakafanya pendekezo kuwa sheria. Mpaka leo Mwingereza anasema "What are you looking at?" bila wasiwasi.

Sisi wenyewe tuna kitu cha namna hiyo: nyumba alimozaliwa. Hiyo -mo- ndiyo "in" yako, imebaki kwenye kitenzi. Kwenye barua rasmi au mtihani andika "the house in which she was born", inakubalika na kila msahihishaji. Lakini ulichoandika hakikustahili kukatwa.

Swali la pili ni muhimu zaidi. Kuna "to" mbili. Moja ni ya kitenzi: I want to see. Nyingine ni kihusishi, na kihusishi hufuatwa na nomino. Kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae -ing kiwe nomino: looking forward to seeing you, used to waking up early, after eating, good at cooking. Namna ya kupima: weka "it" au nomino baada ya "to". "I am looking forward to the holiday" inakubalika, kwa hiyo ni kihusishi, weka -ing. "I want to the holiday" haikubaliki, kwa hiyo ni ile nyingine. Tunachanganya kwa sababu ku- yetu inafanya kazi zote mbili: nataka kupika, na kupika ni kazi. Kwetu neno ni moja, kwao ni mawili.

#10 Mkongwe wa Kihesa

Mwalimu nakuheshimu, lakini mimi naona tunawatesa watoto bure. Mwingereza anasema at the weekend, Mmarekani on the weekend. Huyu fill in a form, yule fill out a form. Different from, different to, different than, wenyewe hawajaelewana. Halafu mtoto wa Kilolo anapoteza maksi kwa herufi mbili. Mantiki iko wapi?

#11 Mwalimu wa Uyole

Mzee wangu, shikamoo. Upo upande wa haki kwa sehemu kubwa. Pale ambapo wenye lugha wanatofautiana, mwanafunzi asikatwe maksi, na mimi simkati. Ila "wait me" haisemwi London wala Chicago, na hapo nikinyamaza simsaidii. Atakayesoma barua yake ya maombi ya kazi hatamwona mtoto wa Kilolo aliyejitahidi, ataona kosa tu.

Mantiki ipo, ila imefunikwa na miaka mingi. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyoonyesha nani katenda, nani kapewa. Viambishi hivyo vikapukutika karne kwa karne, na vihusishi vikazidi kubeba mzigo huo. Vikiwa vinabeba, navyo vikabadilika. "Of" na "off" zilikuwa neno moja. "With" zamani ilimaanisha dhidi ya, ndiyo maana withstand ni kustahimili, kusimama dhidi ya. Maana ya pamoja na ilikuwa ya neno "mid", ambalo leo limebaki ndani ya midwife, mkunga, mwanamke aliye pamoja na mzazi. Asleep, alive, ashore: hiyo a- ya mwanzo ni "on" iliyochakaa. O'clock ni of the clock. Because ni by cause. Na superior, inferior, senior, junior zinataka "to" badala ya "than" kwa sababu zilitoka Kilatini zikiwa tayari zimeshalinganisha, kwa hiyo "senior than me" ni kulinganisha mara mbili. Hivi ndivyo ninavyowasimulia darasani, na mtoto akishajua kwamba kineno kina asili yake, hakioni tena kuwa adui.

#12 Mama wa Tukuyu

Kijana ameanza daftari jipya jioni hii. Ameshaandika afraid of, good at, na depend on. Ameniuliza "congratulate" inakwenda na nini, nikakwama.

#13 Mwalimu wa Uyole

Congratulate somebody on something. Kwa hiyo: I congratulate you on your results. Sisi tunasema hongera kwa, ndiyo maana wengi wanaandika "for".

#14 Wakala Tunduma

Mwalimu nisaidie hii kabla sijaituma kwa mteja wa Lusaka: "The consignment arrived to Tunduma on Friday. We are requesting for your documents so that we can discuss about the clearance. We will reply you on Monday."

#15 Mwalimu wa Uyole

Siku ziko sahihi, usiziguse. Arrive haipendi "to": ni at kwa kituo, in kwa mji. Kwako Tunduma ni kituo cha mpakani, weka at. Request ikiwa kitenzi haitaki "for", ikiwa nomino inaitaka: we request your documents, lakini our request for your documents. Discuss iache peke yake. Reply inataka to.

"The consignment arrived at Tunduma on Friday. We request your documents so that we can discuss the clearance. We will reply to you on Monday."

Itume.